Uzi: Matukio ya maktaba ya chuo hapa Tabora kuanzia Aprili hadi Oktoba, na nafasi ya watu wa mjini katika kuyapanga

Mkutubi wa Unyanyembe (mleta uzi)

Mwangaluka, wana Tabora, pamoja na ndugu zetu wa Kigoma na Katavi mnaosoma hapa.

Ninafanya kazi kwenye dawati la kuazimisha vitabu katika maktaba ya chuo kikuu hapa mjini, na wenzangu wamenipa kazi ya kuandaa rasimu ya matukio ya miezi saba ijayo. Rasimu hiyo itafikishwa mbele ya kamati ya maktaba kabla ya mwezi Aprili kuanza. Nimeona niilete kwanza kwenu, kwa sababu matukio mengi yaliyomo yanawahusu watu ambao hawana kiti katika kamati hiyo: walimu wa sekondari, warina asali, wazee wa reli, mama wanaojifunza kusoma, na vijana wa kidato cha nne wanaotafuta mahali penye meza na taa.

Kabla sijataja tarehe yoyote, naomba nieleze kanuni moja ambayo nimependekeza iongoze rasimu nzima: kila tukio la maktaba ni lazima liache kitu ndani ya maktaba baada ya viti kukunjwa. Kitu hicho kinaweza kuwa sauti ya mzee iliyorekodiwa na kuorodheshwa, kadi ya msomaji mpya, kitabu kilichoshonwa upya mgongo wake, au hata neno moja la Kiswahili lililoongezwa katika orodha ya vitabu ili atakayekuja kutafuta kesho apate. Tukio lisiloacha kitu cha namna hiyo ni sherehe. Sherehe zina mahali pake na wenye kuziandaa, lakini fedha za vitabu hazikutengwa kwa ajili hiyo.

Kanuni hii nimeipata kwa kuona. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mwanafunzi katika mkoa mwingine, nilijitolea kuhudumu katika siku ya usomaji iliyoandaliwa na maktaba moja. Watoto wa shule mbili za msingi waliletwa saa mbili asubuhi, wakaketi uwanjani wakimsubiri mgeni rasmi hadi saa tano na nusu, wakamwimbia wimbo, wakapigwa picha mbele ya bango, kisha wakarudishwa shuleni. Ndani ya jengo, rafu za vitabu vya watoto zilikuwa zimezungushiwa kamba ili zisivurugwe kabla mgeni hajazikagua. Mtoto mmoja wa kike, wa darasa la tatu hivi, aliniuliza kama angeweza kuingia akitazame kitabu chenye picha ya twiga alichokiona kupitia dirishani. Nilimwambia asubiri kidogo. Hakuingia siku ile, na sidhani kama alirudi siku nyingine. Jibu langu lile hunijia mara nyingi ninapofungua mlango wa kazini asubuhi.

Jambo la pili ni kalenda. Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu vyetu huanza Oktoba au Novemba na kuishia Julai. Kuanzia Agosti wanafunzi wengi huwa wamekwenda likizo, na chumba cha kusomea chenye viti vingi hubaki na watu wachache sana, ingawa wakutubi wapo kazini na taa zinawaka kama kawaida. Ni katika miezi hiyohiyo watoto wa darasa la saba hufanya mtihani wao wa mwisho, Septemba, na vijana wa kidato cha nne hujiandaa kwa mtihani wa Novemba. Wengi wao wanaishi katika nyumba ambazo chumba kimoja kina watu watano, na utulivu hupatikana baada ya saa nne usiku, wakati macho yamekwisha kuchoka. Tumekuwa na viti vitupu na watoto wasio na viti katika mji mmoja, kwa miezi ileile, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu tu hakuna aliyeziweka kalenda mbili juu ya meza moja.

Sasa nitaje tarehe zenyewe.

Tarehe 23 Aprili ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1995. Kwa siku hii nimependekeza jambo dogo: walimu wanaosimamia maktaba za shule za sekondari za hapa mjini waje na vitabu vyao vilivyochanika, tuwafundishe kushona migongo, kubandika kurasa zilizong'oka na kuimarisha majalada kwa kitambaa na gundi inayofaa. Gundi ya kawaida ya dukani, hasa ile ya kunata haraka, hukausha karatasi na kuivunja baada ya miaka michache, na utepe wa plastiki huacha doa la manjano lisilotoka. Mafunzo yanamalizika kwa siku moja, na kila mwalimu anaondoka na vitabu vyake vikiwa vimekarabatiwa.

Tarehe 20 Mei ni Siku ya Nyuki Duniani, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2017 na kuanza kuadhimishwa mwaka 2018. Mkoa unaojulikana nchi nzima kwa asali hauwezi kuiacha siku hiyo ipite. Vitabu vya ufugaji nyuki viko katika namba 638.1 ya mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, na kwa kumbukumbu zetu za kuazima, vingine havijatoka rafuni kwa miaka mingi. Nimependekeza warina asali waalikwe wavikague vitabu hivyo, waseme kipi kinawafaa na kipi kinaeleza nyuki wa nchi nyingine, kisha maoni yao yaandikwe na kuwekwa pamoja na kumbukumbu ya kila kitabu.

Tarehe 9 Juni ndiyo ninayoifikiria zaidi. Ni Siku ya Kimataifa ya Nyaraka, iliyochaguliwa kwa sababu Baraza la Kimataifa la Nyaraka lilianzishwa tarehe hiyo mwaka 1948. Mji wetu una historia ambayo nyaraka zake ni watu. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo familia nyingi za mji huu zimeishi kwa mshahara wa reli, kizazi baada ya kizazi. Mkutano wa TANU wa Januari 1958, ulioamua chama kishiriki katika uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia), ulifanyika hapahapa. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati ule, aliyetumwa maji au kuni na wageni waliofikia kwao, leo anakaribia miaka 80. Vitabu vinaeleza hotuba. Ni nani ameandika chakula kilipikwa na nani, wageni walilala wapi, na watu wa mitaani walikuwa wakinong'onezana nini?

Nimependekeza tuwarekodi wazee hao, lakini kwa utaratibu unaowaheshimu. Mwanafunzi asiende peke yake na simu yake; aende na mtu wa familia au wa mtaa ambaye mzee anamfahamu, na barua ipitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kabla ya kurekodi, mzee asomewe fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, akiwa huru kuzungumza Kinyamwezi kama ndiyo lugha inayomjia. Baada ya kurekodi, asikilizishwe maneno yake mwenyewe na apewe haki ya kuondoa sehemu asiyotaka isikike, au ya kuamua kwamba isifunguliwe hadi baada ya miaka kadhaa. Faili la sauti lihifadhiwe katika nakala tatu, moja ikiwa nje ya jengo letu, na nakala ya nne ibaki na familia. Hili la mwisho nitalisimamia hata kama kamati itaona ni gharama, kwa sababu sauti ya babu ni ya wajukuu wake kabla haijawa ya chuo.

Tarehe 7 Julai ni Sabasaba, na tangu mwaka 2022 huadhimishwa pia kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Nimependekeza siku hiyo tuitumie kurekebisha orodha yetu ya vitabu. Tunatumia programu ya Koha, iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, ambayo haina ada ya leseni na inaturuhusu kuongeza maneno ya kutafutia. Tatizo ni kwamba mada za vitabu vingi zimeandikwa kwa Kiingereza tu. Mkulima wa Uyui akiandika «tumbaku», au «kukausha tumbaku», au akitumia neno la kwake «mabani», yaani mabanda ya kukaushia tumbaku, mashine inamjibu kwamba hakuna kitu, wakati vitabu vipo rafuni hatua kumi kutoka alipoketi. Tukiketi siku moja na wakulima, mafundi cherehani, wakunga na mafundi magari, kila mmoja akatupa maneno anayoyatumia kweli katika kazi yake, tunaweza kufungua mamia ya vitabu ambavyo kwa sasa vimefungwa na lugha.

Agosti tutatoka nje: maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Magharibi hufanyika Ipuli, hapahapa Tabora, na tukiwa na meza moja na daftari la kusajili wasomaji, tunatosha.

Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika. Nchi hii ilitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wengi wetu tuna bibi au mama aliyejifunza kuandika jina lake katika madarasa ya kisomo yaliyofuata. Baadhi yao waliacha kusoma kwa kukosa cha kusoma. Nimependekeza kundi la kusoma kwa sauti, jioni mbili kwa wiki kuanzia siku hiyo, kwa kutumia vitabu vyenye maandishi makubwa, na wanafunzi wetu wa ualimu wawe wasaidizi.

Mwisho ni Oktoba, katika wiki ambayo maktaba za dunia hutetea ufikiaji huria wa maarifa, yaani matokeo ya utafiti kusomwa na kila mtu bila malipo. Wanafunzi wetu huenda vijijini kila mwaka na madodoso. Wanawauliza watu kuhusu maji, kuhusu mahudhurio ya shule, kuhusu ndoa za utotoni, kisha wanarudi, wanaandika, wanahitimu, na tasnifu inakaa rafuni kwetu. Mtu aliyejibu maswali saa nzima akiwa ameacha kazi zake haelezwi kilichopatikana. Nimependekeza kila tasnifu iliyofanyiwa utafiti katika mkoa huu iwe na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, utakaopelekwa katika ofisi ya kijiji au ya mtaa uliohusika, na wiki hiyo ya Oktoba tuwaalike viongozi wa vijiji waje waseme kama tulichokiandika ndicho walichotuambia.

Naomba maoni, hasa ya kupinga. Ni afadhali nisahihishwe hapa kuliko nisahihishwe baada ya barua za mwaliko kutoka.

Mrina asali wa Sikonge

Mkutubi, nashukuru kwa heshima uliyotupa. Mimi naweka mizinga msituni tangu nikiwa kijana, na nimesoma maelezo yako yote. Naomba nikusahihishe katika jambo moja. Tarehe 20 Mei ni siku nzuri kwa watu wa ofisini, lakini kwetu mvua zinapokwisha wengi tunakuwa tumeingia au tunajiandaa kuingia kambini kwa ajili ya kurina, na mtu akishaingia porini harudi mjini kwa ajili ya semina. Mkituita Mei mtawapata wafanyabiashara wa asali na maofisa, mtapiga nao picha, na mtadhani mmezungumza na warina asali. Mkiliunganisha jambo hili na Nane Nane, tutakuwepo wenyewe, kwa sababu Agosti tunaleta asali na nta kuuza.

Jambo jingine: vitabu hivyo vya 638.1, kama vinazungumzia mzinga wa sanduku peke yake, vitatusaidia nusu. Wengi wetu tulianza na mizinga ya magome, na mpaka leo wapo wanaoitumia. Gome huchunwa kutoka mti wa mtundu au muba, na mti uliochunwa gome kuuzunguka wote hufa. Hilo tunalijua na linatuumiza. Ningependa kuona kama kuna kitabu kinachozungumzia jambo hilo, na kama hakipo, tukae na hao wanafunzi wa chuo tukiandike.

Mkutubi wa Unyanyembe

Mzee wangu, nimekusikia na nimekwisha kufuta tarehe ya Mei katika rasimu. Ukaguzi wa vitabu vya nyuki unahamia wiki ya Nane Nane, Ipuli, na vitabu vyenyewe tutavileta pale katika masanduku badala ya kuwaomba ninyi mje kwetu. Kuhusu magome, nitatafuta katika majarida ya misitu tuliyonayo na nitaandika hapa nitakachokipata. Nikikosa, pendekezo lako la kuandika pamoja litaingia katika rasimu kwa maneno yako mwenyewe.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Naomba nitoe maoni yanayotofautiana na ya wengi, na ninayatoa kwa nia njema. Sisi tunalipa ada, na sehemu ya ada hiyo ndiyo inayoendesha maktaba. Wakati wa mitihani tunafika saa kumi na mbili asubuhi kutafuta kiti. Kitabu cha hifadhi maalumu, yaani kile kinachotakiwa na darasa zima, kina nakala mbili kwa wanafunzi themanini. Sasa mkifungua milango kwa kidato cha nne, kwa wakulima, kwa vikundi vya kusoma kwa sauti, sisi tutasomea wapi? Tena, mkoa una maktaba yake ya umma. Kwa nini watu hao wasielekezwe huko?

Mkutubi wa Unyanyembe

Ndugu yangu, hoja yako ni ya haki na ninaijibu kwa kirefu, kwa sababu najua kuna wenzako wanaofikiri hivyo na hawakuandika.

Kuhusu viti, rudi kwenye kalenda. Vijana wa kidato cha nne wamependekezwa kwa miezi ya Agosti, Septemba na Oktoba, ambayo ninyi hamko chuoni, na ruhusa yao inakoma siku mnaporudi. Kikundi cha kusoma kwa sauti kitatumia chumba cha semina kilicho upande wa nyuma, ambacho mlango wake unafungika, na tukiingia kipindi cha mitihani kitasimama hadi mtakapomaliza. Nimependekeza pia kwamba vitabu vya hifadhi maalumu visiazimwe na msomaji wa nje kwa namna yoyote. Atavisoma humohumo ndani, kama viko huru. Nakala mbili kwa wanafunzi 80 ni tatizo la kweli, lakini lilikuwepo kabla ya mkulima yeyote kuingia mlangoni, na tunapaswa kulitatua kwa kununua nakala.

Kuhusu maktaba ya umma, hatushindani nayo. Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, ndiyo yenye jukumu la maktaba za mikoa, na wakutubi wa pale ni wenzetu. Wengine tulisoma nao darasa moja. Nimependekeza mmoja wao aketi katika kamati ya matukio haya. Hata hivyo kuna vitu ambavyo chuo kinavyo na maktaba ya umma haina, hasa majarida ya utafiti ya kielektroniki. Mikataba mingi ya majarida hayo humruhusu mtu asiye mwanafunzi kuyasoma akiwa ndani ya jengo, ingawa haimruhusu kuyafungua akiwa nyumbani kwake. Mganga wa zahanati anayetaka kusoma kuhusu malaria sugu, au mwalimu anayesoma Chuo Kikuu Huria huku akifundisha, anastahili kujua kwamba mlango huo upo. Wengi hawajui, kwa sababu hatujawaambia.

Kuna jambo la mwisho, nalo naliandika kwa upole. Baada ya mwaka mmoja na nusu utahitimu, na huenda ukapangiwa kazi katika mji ambao una chuo usichosoma. Siku hiyo utakuwa msomaji wa nje, na utamkuta mlinzi getini akikuuliza kitambulisho cha mwanafunzi.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Nimeelewa, na hilo la mwisho sikuwahi kulifikiria. Basi naomba jambo moja liingizwe: wanafunzi wapewe nafasi mbili katika kamati ya matukio, na mmoja wao awe anayetumia maktaba jioni, maana waamuzi wengi huondoka saa kumi na hawajui jengo linavyokuwa baada ya hapo.

Mwalimu wa Urambo

Mkutubi, heshima yako. Mimi ninafundisha sekondari katika kijiji kilichoko mbali na mji wa Urambo, na ninaandika kwa ajili ya wale ambao hawatafika katika tukio lolote ulilolitaja. Nauli ya kwenda Tabora na kurudi, kwa mwanafunzi wangu, ni chakula cha familia kwa siku kadhaa. Hata ukifungua milango saa ishirini na nne, kwake hiyo ni habari ya mbali. Pia Februari hadi Aprili wanafunzi wengi wanakosa vipindi kwa sababu wanasaidia kuchuma na kukausha tumbaku nyumbani, kwa hiyo hata kalenda yetu ya kusoma haifanani na ya watoto wa mjini. Wao wanahitaji vitabu mikononi kuanzia Mei, msimu wa mabani unapokwisha, ili wafidie walichokosa.

Ninachokiomba si tukio. Ninaomba sanduku la vitabu. Vitabu arobaini, vichaguliwe na sisi walimu, vikae shuleni kwa muhula mmoja kisha vibadilishwe.

Mkutubi wa Unyanyembe

Mwalimu, nimekaa na maandishi yako tangu jana usiku. Rasimu yangu ilikuwa imejaa siku za watu kuja kwetu, na nilidhani kwamba nimefikiri vya kutosha kwa sababu nilikuwa nimetaja meza ya Nane Nane. Nimeongeza sehemu mpya ya masanduku ya kuzunguka, nikianza na shule tatu, na nimeiweka kabla ya matukio mengine yote katika ukurasa wa kwanza.

Niliyoyafikiria kuhusu utekelezaji ni haya. Chuo hakiwezi kuazimisha vitabu vya masomo yake kwa muhula mzima bila kuwadhulumu wanafunzi, kwa hiyo vitabu vya masanduku vitatoka katika zawadi tunazopokea na katika nakala za ziada, na vitakuwa na muhuri wake na orodha yake. Usafiri unaweza kufuata ratiba ya wanafunzi wa mazoezi ya kufundisha, ambao husambaa katika shule za mkoa kila mwaka, na wahadhiri huwafuata kwa gari kuwakagua. Gari hilo lina nafasi ya sanduku. Kitabu kikipotea, shule isidaiwe fedha. Iandike tu jinsi kilivyopotea. Nimejifunza kwenye dawati kwamba mwalimu anayeogopa kudaiwa huvifungia vitabu kabatini, navyo hurudi mwisho wa muhula vikiwa vipya kabisa.

Naomba uniandikie vitabu arobaini unavyovitaka, kwa mpangilio wa uhitaji. Usiandike unavyodhani tunavyo. Andika unavyovihitaji.

Mama wa Isevya

Jamani, habari zenu. Nimesoma kimya kwa siku tatu. Mwanangu ana miaka kumi na tatu na haoni. Anasoma nukta nundu vizuri, mwalimu wake anasema ana kasi kuliko wenzake, lakini vitabu vya kusoma nyumbani hakuna, kwa hiyo likizo nzima anarudia kitabu kilekile mpaka anakisema chote bila kukigusa. Je, katika haya yote mliyoyaandika, yeye yumo?

Mkutubi wa Unyanyembe

Dada yangu, shikamoo kwa niaba ya kamati nzima, maana swali lako lilipaswa kuwa letu.

Hakuwemo. Nilikuwa nimeandika «maandishi makubwa» kwa ajili ya mama zetu wenye macho yaliyochoka, nikaishia hapo. Sasa naomba nieleze tunachoweza kukifanya, ili usije ukapewa matumaini yasiyo na miguu.

Upo Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao nchi yetu imejiunga nao, unaowezesha kitabu kutengenezwa katika nukta nundu au katika sauti kwa ajili ya mtu asiyeona bila kusubiri kibali cha mwenye hakimiliki kwa kila nakala, na nakala hizo zinaweza kuvuka mipaka ya nchi wanachama. Kwa hiyo sheria si kikwazo kikubwa kama wengi wanavyodhani. Kikwazo ni mashine na karatasi. Mashine ya kuchapa nukta nundu ni ghali, na karatasi yake ni nzito kuliko ya kawaida. Kitabu chembamba cha hadithi kinaweza kuwa mabuku mawili au matatu yanayojaza mikono.

Sauti ndiyo tunayoweza kuanza nayo mara moja. Chumba tunachokiandaa kwa ajili ya kuwarekodi wazee mwezi Juni kitakuwa na maikrofoni na mapazia mazito ya kuzuia mwangwi, na baada ya wazee kumaliza kitabaki hapo. Wanafunzi wa ualimu wanaweza kusoma vitabu vya Kiswahili kwa sauti, sura moja baada ya nyingine, kila mmoja saa moja kwa wiki. Hili ndilo ningependa mwanao alisimamie: yeye awe msikilizaji wa kwanza. Aseme ni msomaji gani anakwenda mbio, ni nani anameza maneno, ni sura ipi irudiwe. Msomaji asiyemridhisha hatawekwa katika kumbukumbu.

Kuhusu nukta nundu, nitawaandikia wenzetu wa vyuo vyenye mashine kuomba nakala za kuazima, na barua hiyo nitaiandika wiki hii bila kusubiri kamati.

Kama nafasi inaruhusu, mlete Jumamosi yoyote kuanzia saa tatu asubuhi. Kuna ngazi nne mbele ya mlango mkuu na hazina kishikio, kwa hiyo piteni mlango wa pembeni ulio karibu na mwembe, ambao uko sawa na ardhi. Nitakuwa pale, na nitakuwa nimeweka mezani vitabu vitatu. Achague yeye kipi kisomwe kwanza.

Mama wa Isevya

Nimemsomea maneno yako. Ameuliza kama katika hivyo vitatu kimojawapo kinaweza kuwa cha mambo ya treni.

Mkutubi wa Unyanyembe

Kitakuwepo.